Mwenye timu akizidi kushika hatamu, shabiki ampime kwa lipi?

Swali: "Assalaam aleikum, maalim. Barazani kwetu Kisauni tumegawanyika. Karibu sote ni Arsenal tangu enzi za kocha Wenger, na zamani tulimlaumu Stan Kroenke kwa kukaa mbali kana kwamba timu si yake. Sasa mwanawe, Josh, anazidi kushika hatamu: viongozi wanabadilishwa, usajili unafanywa kwa kasi, na neno lake ndilo la mwisho. Nusu yetu wasema huo ndio uongozi, nusu wasema tajiri akishaingia jikoni mchuzi huharibika. Nami nina langu pia: ni katibu wa timu ya mtaa, na mfadhili wetu, aliyeanza kwa kutununulia jezi, siku hizi hupanga hadi nani aanze mechi. Shabiki ana mizani gani ya kumpima mwenye timu?"

Jibu:

Waaleikum salaam, ndugu katibu. Umenitumia maswali mawili yaliyofungwa kitambaa kimoja, na nimeamua kuanza na lile la London kwa sababu huko hesabu ziko wazi na hakuna jirani atakayeninunia. La Kisauni, ambalo nashuku ndilo linalokukosesha usingizi, nitalifikia nikiwa tayari na vipimo mkononi. Ni vyema pia ujue anayekujibu ni nani: kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kukagua hesabu za vyama vya ushirika na vya michezo hapa Mombasa, na kwa misimu mitatu nilikuwa mweka hazina wa timu moja ya mtaa, kazi isiyo na mshahara wala shukrani.

Tuanze na huo ushawishi unaosema unakua. Mmiliki huwa na ushawishi wote tangu siku anapopata hisa za kutosha kuidhibiti klabu. Kinachobadilika baadaye ni jinsi anavyoutumia, na nani yuko karibu naye anapoutumia. Kroenke mkubwa alinunua hisa zake za kwanza za Arsenal mwaka 2007, akapata hisa za kutosha kuidhibiti klabu mwaka 2011, na mwaka 2018 akaimiliki nzima nzima. Tangu 2011 angeweza kumpiga kocha kalamu kwa simu moja. Hakuwa mtu wa maneno wala wa kuonekana uwanjani, Waingereza wakampa jina la Stan Mkimya, na nyinyi mkamwona kama mwenye duka asiyefika dukani kwake. Leo mwana anafika dukani, na malalamiko ni kwamba anagusa bidhaa. Sisemi mnajipinga wenyewe, kwa maana mtu anaweza kukosea kwa kutokuwepo na mwingine akakosea kwa kuwepo mno. Nasema tu kwamba umbali wa mmiliki hautupi jibu. Mimi humpima kwa swali jingine: mtu huyu akikosea, ni nani ndani ya nyumba anayeweza kumwambia hapana, na kesho yake akaamka bado ana kazi?

Najua barazani vipimo vinavyotumika ni viwili, vikombe na pesa, na vyote viwili vimekwisha kuwadanganya watu. Familia ya Glazer ilipoinunua Manchester United mwaka 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo iliyowekwa juu ya mabega ya klabu yenyewe, ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni la kutisha. Chini ya familia hiyo kocha Ferguson alitwaa ligi mara tano na Ligi ya Mabingwa mwaka 2008. Shabiki aliyekuwa akipima kwa vikombe mwaka ule angempa mmiliki alama kamili, na riba ilikuwa ikiendelea kuhesabika usiku na mchana. Ukija kwenye pesa, mtazame Farhad Moshiri, aliyekuwa mmiliki wa Everton, ambaye tangu mwaka 2016 alimwaga mamia ya mamilioni ya pauni kwa wachezaji na makocha waliokuja na kuondoka, hadi msimu wa 2023/24 klabu ikakatwa pointi 10, zilizopunguzwa baadaye kuwa 6, kisha nyingine 2, kwa kuvunja kanuni zinazoweka kikomo cha hasara ya klabu. Hapakuwa na mtu wa kusema Moshiri ni bahili. Kosa lilikuwa kwamba fedha zake zilitoka bila mlinzi mlangoni. Na Roman Abramovich, ambaye Chelsea walimwimba kwa miaka kumi na tisa, aliikopesha klabu kiasi kilichofikia pauni bilioni 1.5; kisha Uingereza ilipomwekea vikwazo mwaka 2022 baada ya Urusi kuivamia Ukraine, klabu ile tajiri ilikaa majuma kadhaa bila ruhusa ya kusajili mchezaji wala kuuza tiketi mpya. Kila kitu kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari mmoja.

Kwa hiyo mimi huanza na makaratasi. Wewe una simu, na simu hiyo inatosha: sheria ya Uingereza huzitaka kampuni ziwasilishe hesabu zao kwa msajili anayeitwa Companies House, na mtu yeyote, awe Islington au Kisauni, anaweza kuzifungua bure. Tafuta Arsenal Holdings Limited. Mwaka wao wa fedha hufungwa tarehe 31 Mei. Ukizipata, usipoteze muda kwenye barua ya mwenyekiti iliyo mbele, kwani barua hizo huandikwa ili kusomwa na watu wenye furaha. Nenda moja kwa moja kwenye maelezo ya mwishoni yanayohusu miamala kati ya klabu na watu au kampuni zilizo karibu na mmiliki. Sisi wakaguzi hatusomi kitu kingine kabla ya hicho.

Katika maelezo ya namna hiyo, kwenye hesabu za 2014 na za 2015, ndimo ilimoonekana kwamba Arsenal ililipa kampuni ya Kroenke pauni milioni 3 kila mwaka kwa huduma za ushauri. Kwa klabu yenye mapato ya mamia ya mamilioni, hizo ni fedha za nauli. Kilichowachoma wanahisa wadogo ni kwamba hakuna aliyeweza kuwaeleza kwa kuridhisha ushauri huo ulikuwa upi, ulitolewa na nani, na ni mjumbe gani wa bodi aliyekaa upande wa klabu siku bei ilipopangwa. Waliuliza mkutanoni, wakauliza magazetini, na mwaka uliofuata malipo hayakuonekana tena. Ukitazama hesabu za miaka ya karibuni utaona picha ya upande wa pili: tangu mwaka 2020 familia imeyaondoa madeni ya zamani ya hati fungani za uwanja wa Emirates na kuweka mkopo wake mahali pake, na deni la klabu kwa mmiliki limepita pauni milioni 300. Barazani hilo husemwa "ametoa pesa." Mkaguzi husema "amekopesha," kisha huuliza riba ni ngapi, litalipwa lini, na litageuka nini siku atakayoamua kuuza. Silitii dosari deni hilo. Kukopeshwa na mwenye nyumba mara nyingi ni nafuu kuliko kukopeshwa na benki. Lakini aliyekopesha na aliyekopeshwa wanapotiwa saini na kalamu moja, shabiki asidhani amepewa zawadi.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye tukio moja ambalo naona wengi wamelisahau, nalo linamhusu huyohuyo Josh mnayembishania. Oktoba 2017 Arsenal ilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka. Wakati huo bado walikuwepo wanahisa wadogo, watu waliorithi hisa moja kutoka kwa baba, wengine waliokuwa wamechangishana vipande vya hisa kupitia mpango wa mashabiki ulioanza mwaka 2010. Ilipofika zamu ya kuwarudisha wakurugenzi kwenye bodi, waliokuwemo ukumbini walipiga kura kwa kuinua mikono, na mikono ikamkataa mwenyekiti, Sir Chips Keswick, na ikamkataa Josh Kroenke. Ukumbi ulipiga kelele. Kisha zikahesabiwa kura kwa wingi wa hisa, si kwa wingi wa mikono, na wote wawili wakapita bila shida yoyote, kwa sababu baba yake Josh peke yake alikuwa na hisa nyingi kuliko ukumbi mzima.

Mtu anaweza kusema mikono ile haikubadili kitu. Mimi nasema ilifanya kazi yake: mara moja kwa mwaka, mwana wa mmiliki alilazimika kuketi mbele ya watu wasiomtegemea kwa mshahara na kusikia wanavyomwona. Agosti 2018 Alisher Usmanov, aliyekuwa na takriban asilimia 30, alimuuzia Kroenke kwa pauni milioni 550, na kwa kuwa sheria inamruhusu aliyepita asilimia 90 kuwalazimisha waliobaki wauze, wanahisa wadogo wote walilipwa, takriban pauni 29,400 kwa kila hisa, na wakafungiwa mlango. Fedha zilikuwa nzuri. Wapo waliozipokea huku wakilia. Mikutano mikuu ya namna ile ikaisha. Ukiniuliza ni siku gani ushawishi wa familia ya Kroenke ulikosa mtu wa kuuambia hapana, sitakutajia usajili wowote wala kocha yeyote. Nitakutajia siku hiyo, ambayo kwenye vibanda vyetu vya mpira haikuzungumzwa hata kidogo kwa sababu tulikuwa tukibishana kama kocha mpya, Emery, ataweza kuvaa viatu vya Wenger.

Matokeo ya kukosa mtu wa kusema hapana yalionekana mapema. Agosti 2020, siku chache tu baada ya kuwafunga Chelsea kwenye fainali ya Kombe la FA, klabu ilitangaza kuondoa kazi 55, ilhali wachezaji walikuwa wamekubali kukatwa asilimia 12.5 ya mishahara tangu Aprili. Halafu usiku wa tarehe 18 Aprili 2021, Arsenal na vilabu vingine kumi na moja wakatangaza Super League, mashindano ambayo waanzilishi wake wasingeweza kushuka daraja hata wakicheza kama timu ya harusi. Shabiki hakuulizwa, kocha hakuulizwa. Kwa kuwa ndani ya nyumba hapakuwa na wa kuzuia, ilibidi kizuizi kitoke barabarani: baada ya siku mbili Arsenal ilijiondoa na kuomba radhi, tarehe 22 Josh akakutana na wawakilishi wa mashabiki na kuwaambia familia haina nia ya kuuza, na tarehe 23, kabla ya mechi na Everton, maelfu wakajazana nje ya uwanja wakitaka Kroenke aondoke. Baadaye vilabu sita vya Uingereza vikakubali kutoa kwa pamoja pauni milioni 22, na Arsenal ikaunda bodi ya ushauri ya mashabiki.

Hapa ndipo ninapompa Josh alama yake, kwa sababu nisipoitoa nitakuwa sipimi, natukana. Mmiliki hupimwa vizuri zaidi wakati ameshikwa na kosa, na yeye alikuja kwenye kikao akijua kwamba hakuna atakayempigia makofi. Pia alikuwa na kipimo kingine ambacho wamiliki wengi hukifeli, nacho ni subira. Desemba 2020 Arsenal ilikuwa nafasi ya 15. Agosti 2021 ilipoteza mechi tatu za kwanza, dhidi ya Brentford, Chelsea na Manchester City, bila kufunga bao hata moja, ikakaa mkiani mwa ligi. Nakumbuka jioni ya yale mabao matano ya City, kibanda chetu cha Mwembe Tayari kilikuwa kimya hadi ukasikia vikombe vya kahawa vikigongana nje. Kila mtu aliyelipa shilingi 50 zake alikuwa na jina la kocha mpya. Kocha wetu, Arteta, hakufukuzwa. Kiangazi hicho klabu ilikuwa imetumia takriban pauni milioni 150, kwa Ødegaard, White, Ramsdale na wengine, na baada ya msimu ule tukaona timu iliyomaliza ya pili kwa misimu mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, ikiwemo ule wa pointi 89 ambazo miaka mingine zingetosha kwa ubingwa.

Lakini tazama subira hiyo ilisimama juu ya nini. Kulikuwa na Edu kama kiongozi wa masuala ya mpira, kulikuwa na Vinai Venkatesham kwenye uendeshaji, kulikuwa na Tim Lewis, mwanasheria aliyeingia bodini mwaka 2020 na kupanda hadi makamu mwenyekiti mtendaji. Venkatesham aliondoka mwaka 2024. Edu aliondoka Novemba mwaka huohuo, na Andrea Berta akachukua nafasi yake Machi 2025. Septemba 2025 Lewis naye akaondoka, Richard Garlick akafanywa afisa mkuu mtendaji, na bodi ikapokea wajumbe wapya ambao baadhi yao ni watu wa muda mrefu katika biashara za familia. Ukiyaona hayo moja moja, kila badiliko lina maelezo yake ya kawaida. Watu huhama kazi. Ukiyapanga pamoja, unaona kwamba waliokuwa na uzito wao wenyewe, uliojengwa kabla au nje ya Josh, wamepungua, na waliopo wengi wameletwa au wamepandishwa naye.

Kwa hiyo hukumu yangu, maadamu umeitaka: amejifunza kuongoza, na wakati huohuo amepunguza idadi ya watu wanaoweza kumzuia. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana baraza lenu limegawanyika katikati. Kila nusu imeshika mkono mmoja wa mtu yuleyule. Nusu inayoogopa ina haki ya kuogopa, ila isiogope kwa sababu Josh anasafiri kwenda London au anapigwa picha na mchezaji mpya. Iangalie kama Berta atawahi kukataa mchezaji ambaye mwenye timu anamtaka, na kama ile bodi ya mashabiki itaulizwa kuhusu bei za tiketi kabla ya uamuzi au itapewa taarifa baada yake. Tangu Julai 2025 Uingereza ina sheria ya usimamizi wa kandanda inayounda msimamizi huru, inayodai wamiliki wachunguzwe, na inayozuia vilabu kujiunga na mashindano ya aina ya Super League. Hiyo hapana iliyokosekana ndani sasa imewekwa nje kwa sheria. Laiti ingekuwapo mwaka 2018.

Niseme neno kuhusu sisi waamuzi, maana mizani nayo huhitaji kukaguliwa. Nina mpwa wangu ambaye Aprili 2021 aliweka kwenye simu yake picha ya Kroenke iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Miaka miwili baadaye, Arsenal ikiongoza ligi, alikuwa akinieleza kwamba familia hii ndiyo yenye maono. Nilimuuliza ni kitu gani kimebadilika katika umiliki. Alifikiri kidogo akaniambia, "Mjomba, Saka anafunga." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wenye timu wanajua vizuri kuliko sisi kwamba ushindi wa wiki tano huwafuta mashabiki kumbukumbu ya miaka mitano. Uamuzi mbaya hupitishwa kwa urahisi zaidi wakati timu inashinda, kwa sababu hakuna anayesoma makaratasi.

Wenzetu wa Tanzania wamejaribu kuliweka jambo hili kwenye kanuni: klabu ya wanachama ikikaribisha mwekezaji, wanachama hubaki na asilimia 51 na mwekezaji hazidi 49. Mohammed Dewji aliingia Simba kwa njia hiyo, na klabu ikatwaa ligi mara nne mfululizo hadi 2021, mwaka ambao alijiuzulu uenyekiti wa bodi. Naipenda kanuni ile, ila nimekagua vyama vingi mno kuamini kwamba asilimia kwenye karatasi hutembea na miguu yake. Anayelipa mishahara kila mwisho wa mwezi huwa na sauti kubwa kuliko hisa zake, na asilimia 51 isiyokutana, isiyoomba hesabu na isiyopiga kura ni sawa na sifuri yenye jina refu. Hapa kwetu Kenya tumezoea timu za mashirika, na huko somo ni jingine: Nakumatt walipoyumba kibiashara, timu yao iliuzwa na kubadilishwa jina mwaka 2018, na SoNy Sugar waliondolewa ligini mwaka 2019 baada ya kushindwa kufika kwenye mechi. Bandari yetu imebahatika kuwa na Mamlaka ya Bandari nyuma yake, ikatwaa kombe la ngao mwaka 2015 na 2019 na kucheza Afrika, lakini anayeketi pale uwanjani Mbaraki akipigwa na jua hawezi kukuonyesha kwa kidole mmiliki ni nani, na mtu asiyeonekana huwezi hata kumlaumu.

Haya, tuje Kisauni.

Nitakusimulia kisa kimoja tu. Timu niliyoitunzia hazina ilikuwa na mfadhili, mtu mkarimu kwa kweli, aliyetununulia jezi, nyavu na mipira, na aliyelipa nauli kila tulipocheza ng'ambo ya Likoni. Jioni moja uwanja wa Serani, kama robo saa kabla ya mechi, kocha alikuwa ameiweka karatasi ya kikosi juu ya boneti ya gari la mfadhili, kwa kuwa palikuwa pahali pekee penye usawa pa kuandikia. Mfadhili akaichukua, akaisoma, akatoa kalamu mfuko wa shati, akakata majina mawili na kuandika mengine mawili, mojawapo la mtoto wa dada yake. Alifanya hivyo kwa utulivu, bila kumkaripia mtu, kama anayesahihisha imla ya mwanafunzi. Kocha alinitazama. Mimi nilitazama magoli, kwa sababu nauli ya Jumamosi iliyofuata ilikuwa mfukoni mwa shati lilelile. Tulishinda mbili kwa moja, na mmoja wa wale walioandikwa kwa kalamu akafunga. Angekosa, pengine tungepona. Tangu siku hiyo kalamu ilikuja kila mechi, kocha akaacha kuja baada ya mwezi mmoja na nusu, na msimu wa pili mfadhili alipokosana na mwenyekiti juu ya jambo lisilohusu mpira kabisa, alimtuma kijana na gunia akachukua jezi zote siku ya Alhamisi. Jumamosi tulicheza na jezi za kuazima za shule ya msingi. Mabeki wetu walionekana kama waliovaa fulana za wadogo zao.

Utaona kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu na la kamati, wala halikutokea Serani. Lilitokea siku tulipopokea jezi bila kuandika ni za nani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi tulitegemea bila hata daftari. Kwa hiyo usianze na ugomvi wa kikosi. Mfadhili wako atauona kama utovu wa shukrani, na wachezaji, ambao wanajua nani hununua viatu, hawatasimama nawe. Anza na katiba. Timu inayotaka kusajiliwa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013 ni lazima iwe na katiba, na kama mlinakili ya timu nyingine, kama wengi wafanyavyo, kaeni jioni moja muisome kwa sauti. Hakikisheni inasema nani huteua kikosi, nani hutia saini benki, na mkutano wa wanachama hufanyika mwezi gani. Watia saini wawe watatu, na mfadhili asiwe miongoni mwao; si kwa kumshuku, bali ili siku atakapoulizwa fedha zimekwenda wapi, awe ndiye anayeuliza.

Kisha mpe kiti. Watu wengi huanza kushika kalamu kwa sababu hawajapewa mahali pa kusemea. Mfanyeni mlezi, aje kwenye kikao cha kila mwezi, asomewe mapato na matumizi ya kila shilingi aliyotoa, aseme anachokiona kuhusu timu na asikilizwe kwa heshima anayostahili mtu aliyefungua mfuko wake wengine walipoufunga. Kocha naye awepo, amweleze mbele ya kamati kwa nini fulani yuko benchi. Nimeona wafadhili wawili wakibadilika kabisa baada ya kikao cha namna hiyo, na mmoja aliyeondoka. Huyo aliyeondoka angeondoka tu, ila kwa kikao alituachia nafasi ya kujiandaa.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa wiki hii. Mwombe mfadhili, kwa adabu na mbele ya mwenyekiti, jezi na mipira vihamishwe kutoka nyumbani kwake vihifadhiwe na mtunza vifaa wa timu, vihesabiwe kimoja kimoja, viandikwe kwenye daftari kwa jina la timu, naye atie saini kama mtoaji. Akitia saini bila kununa, una mtu wa kufanya kazi naye, na habari ya kikosi mtaimaliza kwa mazungumzo. Akisema jezi zitabaki kwake "kwa usalama", mwandikie mwenyekiti barua aitishe mkutano wa wanachama kabla msimu haujaanza, na muanze kuchangisha seti ya pili.